Safari ya kundi ipimwe kwa mfuko mwembamba



Wiki hii swali limetoka mbali. Dada yetu mmoja anaishi Dortmund, Ujerumani, na anasoma gazeti letu kwa simu kwa sababu mama yake ni mwenzetu katika kundi. Anaandika hivi: "Sisi mama wa Kongo hapa tuko familia sita. Watoto wanaomba kuona theluji wakati wa vakansi ya Noeli. Tunataka kwenda siku mbili, tulale nyumba moja, tupike pamoja. Lakini mwaka jana tulipofika kwenye mambo ya feza, mama mmoja akasema siku hiyo yuko na kazi. Baadaye tukajua hakukuwa na kazi yoyote. Watoto wake walibaki nyumbani wakitazama picha za wenzao. Mwaka huu tufanye namna gani?"

Dada, tuanze na yule mama, maana yeye ndiye atatufundisha hesabu ya safari nzima.

Makundi mengi huchagua mahali kwanza. Mmoja anasema ameona nyumba nzuri, wote wanafurahi, bei inatajwa mwisho. Wakati huo asiye na uwezo anaona haya kusema, anatafuta uongo wa heshima. Nyinyi geuzeni mambo: feza kwanza, mahali baadaye. Mama mtunza sanduku agawe vikaratasi. Kila mama aandike kiasi ambacho familia yake yote inaweza kutoa, bila kuweka jina. Kiasi cha chini kabisa ndicho kipange safari. Mtunza sanduku asiulize ni cha nani, na asitazame mwandiko.

Tuseme cha chini ni euro 120. Kwa familia sita inakuwa euro 720, na safari yote iingie humo: nyumba, chakula, njia, na akiba kidogo. Mkianza kuweka mwanzo wa Septemba, mnakuwa na wiki kama 15 mpaka Noeli. Hiyo ni euro 8 kwa wiki. Mnajua likelemba tangu utoto wenu, kwa hiyo kazi hii si mpya kwenu. Mama ambaye angeshindwa kutoa euro 120 siku moja, euro 8 kwa wiki anaweza kujikaza.

Labda mwenye uwezo atasema: "Mbona mimi nizuiwe na mfuko wa mwingine?" Hazuiwi. Akitaka kumlipia mumewe masomo ya ski, alipe pembeni kwa feza yake. Lakini chakula, kitanda na michezo ya watoto viwe sawa kwa wote. Mtoto hasahau siku aliposimama pembeni wenzake wakicheza.

Sasa siku. Feza huruka juu kati ya Noeli na Mwaka Mpya, kwa sababu kila mtu anataka nyumba siku hizo. Siku za kawaida mwanzo wa Januari, vakansi ikiwa bado haijaisha, au Ijumaa jioni mpaka Jumapili baada ya masomo kuanza, mara nyingi bei hupungua. Msimtoe mtoto shuleni ili mpate bei nzuri. Ujerumani masomo ni lazima kwa sheria, na mzazi anaweza kutozwa faini.

Kuhusu njia, toka Dortmund mko na bahati. Treni ya kawaida ya mkoa inapanda mpaka Winterberg, katika milima ya Sauerland. Kilima cha Kahler Asten kilicho karibu kina meta 842, na baridi ikiwa kali theluji huanguka huko wakati Dortmund kunanyesha mvua tu. Mwenye Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, haongezi kitu kwenye treni hiyo. Lakini tiketi ile ni ya mtu mmoja, haiazimwi, na haitumiki kwenye ICE wala IC. Tena inajirudia yenyewe kila mwezi. Anayeinunua kwa ajili ya safari tu akumbuke kuikata kabla ya tarehe 10 ya mwezi, la sivyo mwezi unaofuata atakatwa tena. Wasio nayo waulize bei ya tiketi ya kundi ya watu watano. Mtoto ambaye hajafika miaka 6 hahitaji tiketi. Mkubwa asijaribu kupita bure, maana faini inaanzia euro 60, nusu ya mchango wa familia.

Angalieni pia mabehewa. Treni hiyo inaweza kugawanywa njiani, pale Bestwig, sehemu moja ikaenda Winterberg na nyingine Brilon. Someni maandishi kwenye behewa kabla ya kuketi, na watoto wote wakae upande mmoja na mama zao.

Pa kulala kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni Jugendherberge, nyumba za wageni za vijana ambazo siku hizi zinapokea familia pia. Wazo hilo ni la mwalimu Richard Schirrmann, mwaka 1909, na nyumba ya kwanza ilikuwa katika ngome ya Altena, katika Sauerland hiyo hiyo. Unalipa uanachama wa mwaka, na kadi moja inatosha familia. Chakula cha asubuhi na mashuka viko ndani ya bei. Ulizeni mapema, kwa sababu baadhi hufungwa siku za Noeli.

Ya pili ni nyumba ya kundi ya kujipikia, wanayoiita Selbstversorgerhaus. Mkiwa familia sita, mara nyingi hii ndiyo nafuu zaidi. Lakini kabla ya kutia sahihi ulizeni maswali matano: Je, moto wa kupasha nyumba uko ndani ya bei, au unapimwa kwa mita? Mashuka tunaleta wenyewe? Usafi wa mwisho ni wa nani? Dhamana ni kiasi gani, na inarudi lini? Kuna kodi ya wageni kwa kila kichwa? Wakati wa baridi moto wa nyumba si kitu kidogo. Bei ya chini kwenye tangazo inaweza kupanda sana kwa sababu ya mita ile.

Chakula mnunue kabla ya kutoka. Jumapili maduka yamefungwa, tarehe 25 na 26 Desemba pia, na tarehe 24 yanafunga mchana. Kila mama achukue sufuria moja ya kazi yake: mmoja maharagwe, mmoja sombe ya barafu kutoka duka la Kiafrika, mmoja unga wa bugali, mmoja mandazi ya njiani. Termosi mbili za chai zitawaokoa feza nyingi, kwa sababu kikombe kimoja cha kununua, mara watoto kumi na wawili, kinakula sanduku.

Michezo isitegemee theluji peke yake, kwa sababu siku nyingine haianguki. Kama iko, kigari cha kuteleza cha kuazima kinatosha watoto watatu wakipokezana. Kama haiko, tembeeni msituni asubuhi. Mwezi wa Desemba giza linaingia karibu saa kumi na nusu jioni, basi kabla ya hapo kila mtoto awe ndani, ngano za kwetu zianze. Mkipita kwenye soko la Noeli, kuingia ni bure sehemu nyingi. Kikombe wanachowapa kina dhamana, mkirudishe mpate feza yenu. Glühwein ni mvinyo. Ya watoto inaitwa Kinderpunsch.

Nguo ziwe nyingi nyembamba, moja juu ya nyingine, kuliko koti moja nene. Pamba ikilowa inashika baridi, kwa hiyo soksi za sufu, na jozi ya pili ndani ya mfuko. Viatu vya theluji vya mtoto aliyekua vipewe mdogo wa familia nyingine. Andikeni orodha ya kuazimana mwezi wa Novemba.

Jambo la mwisho ni karatasi. Ambaye maombi yake ya ukimbizi hayajajibiwa asome kibali chake: kama kimeandikwa mipaka ya eneo, aombe ruhusa kwanza. Anayesaidiwa na Jobcenter azungumze nayo kabla ya kulala nje ya mji. Na muulize ofisi ya jamaa ya jimbo, au Caritas na Diakonie, kuhusu msaada wa mapumziko kwa familia zenye kipato kidogo. Baadhi ya majimbo wanautoa, lakini ombi lazima litangulie safari.

Na nyinyi mama mlio hapa nyumbani: mkipokea picha ya wajukuu kwenye theluji, msihesabu kwamba feza imezidi huko. Nyuma ya picha ile kuna euro 8 za kila wiki, na mama aliyefanya kazi ya usafi alfajiri. Mwandikieni kwanza kwamba wajukuu wamependeza. Habari ya feza ya shule ingoje siku nyingine.

Dada wa Dortmund, kidole kimoja hakivunji chawa. Mgawe vikaratasi Jumapili hii. Mkirudi mlimani, tuandikie kama familia zote sita zilikuwa kwenye treni.