Basi Nalo Lipewe Bandari

Mwenyeji wa Unguja au Pemba hahitaji kufundishwa kwamba bahari ikichafuka, chombo hukaa bandarini. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Wako walionung'unika, lakini walisubiri. Basi la abiria, je, bandari yake iko wapi?

Swali hili linatujia tuutazamapo mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, zinapokutana barabara za Arusha, Dodoma na Singida. Watumishi wa Serikali na wafanyabiashara wa Visiwani nao hupita hapo. Tangu barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma ilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, safari imefupika na mwendo umeongezeka. Milima, hata hivyo, iko pale pale. Siku za mvua ukungu hutanda alfajiri, saa ile ile ambayo mabasi yanang'oa, na maji hushuka na tope hadi barabarani. Katesh, katika njia ya Singida, haijasahau tarehe 3 Desemba 2023, pale tope na mawe ya Mlima Hanang yalipoua watu zaidi ya 80 na kuifunga barabara.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayaruhusu magari makubwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa. Basi lenye mwendo huo hukata mita 22 kila sekunde. Dereva asiyeona zaidi ya mita 40 ataligonga lori lililoharibika njiani kabla breki hazijashika sawasawa. Matawi ya miti yaliyotandazwa kuwa ishara hayataonekana, na akiwasha taa kali, ukungu utamrudishia mwanga machoni. Mwendo halali wa jua kali si mwendo wa salama katika ukungu. Taa ziinamishwe, mwendo upunguzwe hadi kutambaa, na ikibidi gari litolewe kabisa nje ya lami.

Lakini ni dereva gani atakayethubutu kusimama? Tajiri anamdai muda; nasi abiria, tukiri, ndio tunaopaza sauti, "Dereva, mbona tunalala?"

Kwa hiyo tunaiomba LATRA, pamoja na Polisi wa Usalama Barabarani, itoe maelekezo ya wazi kwamba katika kituo cha Babati basi laweza kucheleweshwa hadi ukungu upungue, na kwamba ucheleweshaji huo hautahesabiwa kuwa kosa la dereva wala la mwenye gari. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ubandikwe kituoni kila jioni, abiria wausome kabla ya kukata tiketi. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Ratiba ya masika, basi, isiwe ile ile ya kiangazi.