Mgombea Mwenza Apimwe kwa Kipimo cha Rais: Maswali Kutoka Kilosa na Mikumi

Tangu Mkutano Mkuu Maalumu wa Chama Cha Mapinduzi ulipohitimishwa Dodoma, Januari 19, 2025, mjadala wa hotuba ya mgombea haujakoma. Nimeusikia Kilosa mjini, nimeusikia Mikumi kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, na nimeusikia miongoni mwa wanafunzi wangu. Wapo wanaohesabu miradi iliyotajwa, wapo wanaopima utulivu wa sauti ya mzungumzaji, na wapo wanaohoji kwa nini mgombea alipatikana Januari ilhali uchaguzi ulikuwa Oktoba. Jina la pili lililotoka ukumbini siku ile, la Dkt. Emmanuel Nchimbi, linapewa sentensi moja tu: Rais anatoka Zanzibar, mwenza anatoka Bara, hesabu imekamilika.

Ninashikilia kwamba hesabu hiyo haijakamilika. Mgombea mwenza anapaswa kujadiliwa kwa kipimo kilekile tunachompimia mgombea urais, na anayetufundisha hivyo ni historia yetu wenyewe, ya karibu kabisa.

Turejee Julai 2015. Katika Mkutano Mkuu wa CCM wa mwaka ule, wajumbe walipigia kura majina matatu: John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Magufuli alishinda kwa zaidi ya asilimia 80. Baada ya hapo lilitajwa jina la mgombea mwenza, Samia Suluhu Hassan, nalo likapokewa kwa shangwe. Hakuwa miongoni mwa watatu waliopigiwa kura na hakushindanishwa na mtu. Mazungumzo ya wakati ule yalijikita katika mambo mawili, kwamba ni mwanamke na kwamba ni Mzanzibari. Uzoefu wake, yaani uwaziri wa Zanzibar, uwaziri wa nchi wa masuala ya Muungano na umakamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba la 2014, ulitajwa kama pambo la wasifu. Wachache sana walijiuliza: huyu akiwa Rais, atatawala namna gani?

Machi 17, 2021 Magufuli alifariki dunia, na siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan aliapishwa. Ibara ya 37(5) ya Katiba haina kigugumizi: kiti cha Rais kikiwa wazi, Makamu anaapishwa na kuwa Rais kwa muda wote uliobaki. Katika nchi yetu haitishwi uchaguzi mwingine, wala hakuna Rais wa mpito wa siku tisini. Kwa kuwa muda uliobaki ulizidi miaka mitatu, Katiba ilimruhusu kugombea mara moja zaidi, na ndiyo maana tunaijadili hotuba yake leo. Kwa maneno mengine, uamuzi uliopita kwa shangwe Julai 2015 ndio uliotupatia kiongozi wa nchi kuanzia Machi 2021.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa pia. Machi 30, 2021 Bunge lilimthibitisha Dkt. Philip Mpango kuwa Makamu wa Rais, kama ibara hiyohiyo inavyoelekeza. Tangu hapo hadi 2025 Makamu wa Rais wa Tanzania alikuwa mtu ambaye jina lake halikuwahi kuwekwa mbele ya mpiga kura kwa nafasi hiyo. Hapakuvunjwa sheria yoyote. Lakini ndugu msomaji, tazama jinsi mlango huu ulivyo mwembamba: jina linapendekezwa na mtu mmoja, linathibitishwa na kikao kimoja, na mwenye jina hilo anabaki hatua moja kutoka Ikulu.

Mfumo wenyewe hauna umri mkubwa. Ulikuja na Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba mwaka 1994 na ukatumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa 1995. Kabla ya hapo Rais wa Zanzibar alikuwa pia Makamu wa Rais wa Muungano. Siasa za vyama vingi zilileta uwezekano wa Rais wa Zanzibar kutoka chama kimoja na Rais wa Muungano kutoka chama kingine, na mgombea mwenza akawa ndiye jawabu. Ibara ya 47 inataka wawili hao watoke chama kimoja, na mmoja akitoka upande mmoja wa Muungano, mwenzake atoke upande wa pili. Sharti la chama ndilo lililomfanya Juma Duni Haji wa CUF ahamie Chadema mwaka 2015 ili awe mwenza wa Edward Lowassa. Yeyote anayedhani udhaifu huu ni wa chama tawala peke yake na aukumbuke mfano huo, maana hata Ukawa mwenza alipatikana kwa hesabu ya muungano wa vyama na ya pande mbili za nchi.

Zipo nyakati ambazo sheria yetu imemthamini mgombea mwenza kuliko sisi wapiga kura. Oktoba 2005, siku chache kabla ya kupiga kura, alifariki dunia Jumbe Rajab Jumbe, mwenza wa Freeman Mbowe wa Chadema. Uchaguzi wa Muungano nchi nzima uliahirishwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14. Kifo cha mwenza mmoja kilisimamisha uchaguzi wa taifa zima, kwa kuwa sheria inamhesabu kuwa sehemu kamili ya tiketi ya urais. Sisi tunamhesabu kuwa kiambatisho.

Sasa tumpime Dkt. Nchimbi kwa kipimo ninachokipendekeza, na tumpime kwa haki.

Masharti ya kisheria si magumu: uraia wa kuzaliwa, umri wa miaka arobaini, kudhaminiwa na chama, sifa za kuwa mbunge, na kutokuwa na hatia ya kukwepa kodi. Anayatimiza. Uzoefu pia hauna shaka. Ameongoza Umoja wa Vijana wa CCM, amekuwa mkuu wa wilaya, mbunge wa Songea Mjini, waziri, balozi nchini Brazil na Misri, na kuanzia Januari 2024 hadi 2025 Katibu Mkuu wa chama. Ni wanasiasa wachache wa rika lake waliopita chama, Serikali, Bunge na diplomasia. Anayesema hana sifa hajausoma wasifu wake.

Hata hivyo, wasifu hutueleza mtu alikaa wapi, lakini hautuelezi alifanya nini alipokuwa pale. Hapo ndipo Kilosa na Mikumi zinapokuwa na neno la kusema.

Wilaya ya Kilosa inaishi na mgogoro wa ardhi kila msimu. Desemba 8, 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Upande wa Mikumi, vijiji vinapakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mkulima wa hapo anaogopa tembo usiku na askari mchana, na mfugaji anajua kwamba mpaka usioonekana kwa macho unaweza kumgharimu kundi zima la ng'ombe. Kwa watu hawa, swali la namna dola inavyotumia nguvu si la kinadharia hata kidogo.

Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Lengo lilikuwa halali, kwani tembo walikuwa wakiteketea. Lakini malalamiko ya mateso, vifo na mali kupotea yalilipuka bungeni, operesheni ikasitishwa, na Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ikawasilisha taarifa nzito. Desemba 20, 2013 mawaziri wanne walipoteza nafasi zao: Khamis Kagasheki wa Maliasili, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi, Mathayo David wa Mifugo, na Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani. Hawakuondoka kwa kutuhumiwa kumtesa mtu kwa mikono yao. Waliondoka kwa dhana ya uwajibikaji wa kisiasa: waziri hubeba lililotendwa na vyombo vilivyo chini yake.

Mwaka mmoja kabla, Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, katika barabara hiyohiyo inayopita Mikumi, wakati polisi wakidhibiti shughuli ya Chadema. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa yeye.

Simkumbushi msomaji mambo haya ili kumhukumu mtu mara ya pili. Kuwajibika kisiasa si kifungo cha maisha. Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Wizara ya Mambo ya Ndani katika miaka ya sabini kwa makosa ya walio chini yake, na mwaka 1985 akawa Rais. Lakini aliyewajibika anatudai swali moja, nasi tunamdai jibu lake: alijifunza nini? Kiongozi aliyeona operesheni ikigeuka kuwa balaa kwa raia anaweza kuwa mlinzi bora wa raia, kama amelitafakari lile. Anaweza pia kuwa amejifunza tu kwamba mambo hayo hupita. Wasifu hauwezi kutuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Anayeweza kutuambia ni yeye mwenyewe, akiulizwa hadharani.

Kuna sura nyingine inayompa heshima. Julai 2015, Kamati Kuu ya CCM ilipokata jina la Lowassa, Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa walijitokeza mbele ya waandishi wa habari na kujitenga na uamuzi huo, wakilalamikia utaratibu. Katika chama kinachosifu nidhamu ya kukaa kimya, huo ulikuwa ujasiri. Basi ni halali kumuuliza: mtu aliyedai utaratibu mwaka 2015 anasemaje kuhusu mkutano wa Januari 2025, uliotoa mgombea pekee na mwenza wake kabla pazia la uteuzi halijafunguliwa, naye akiwa Katibu Mkuu wa chama hicho?

Wapo watakaoniambia kwamba mjadala huu ni anasa. Wenzetu wa Chadema walisema bila mageuzi hakuna uchaguzi, na baadhi ya wanafunzi wangu wananiuliza faida ya kupima sifa za mwenza ikiwa uwanja wenyewe hauko sawa. Madai ya uwanja ulio sawa ni ya haki na sina nia ya kuyapunguza. Lakini hata siku tume ya uchaguzi itakapokuwa kama tunavyoitaka, kasoro hii itabaki ilipo, kwa sababu imo katika mazoea ya vyama vyote na katika uvivu wetu wa kuuliza. Mpiga kura wa Mikumi anaweza kumpa mgombea urais wa chama hiki kura na kumchagua mbunge wa chama kile, na mwaka 2015 jimbo hilo lilimpeleka bungeni Joseph Haule wa Chadema. Hawezi, hata kwa ufundi wowote, kumchagua Rais na kumkataa mwenza. Nafasi yake pekee ya kumpima mwenza ni kabla ya kupiga kura.

Kenya wametutangulia hatua kadhaa. Mwaka 2022 Azimio waliunda jopo la kuwahoji waliotajwa kuwa wenza wa Raila Odinga, na Martha Karua akateuliwa baada ya mchakato huo. Julai mwaka huo Karua na Rigathi Gachagua walisimama katika mdahalo wa wagombea wenza uliorushwa na televisheni. Ni kweli mdahalo haukuizuia Kenya kumwondoa Gachagua madarakani Oktoba 2024, miaka miwili tu baada ya kuapishwa. Lakini Wakenya hawakuweza kusema hawakumsikia. Sisi tulikuwa na Rais mpya Machi 2021, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumsikia akijibu swali hata moja gumu kuhusu namna atakavyoongoza nchi.

Wagombea wenza wana desturi ya kugawana mikoa na wakuu wao wakati wa kampeni, kwa hiyo huenda miji kama Kilosa na Mikumi ikamwona mwenza kabla ya kumwona mgombea, kama itamwona mgombea kabisa. Nawasihi wananchi, hasa wanafunzi na watumishi wa umma mlioko huko, msimpokee kwa ngoma pekee. Mwulizeni mwenza wa kila chama mambo matatu. Kwanza, ukiapishwa kesho asubuhi, ni jambo gani la Rais uliyemrithi utaliacha na lipi utaliendeleza? Pili, vyombo vya dola vikimwonea mfugaji wa Kilosa au mkulima wa Mikumi, nani atawajibika na kwa utaratibu upi? Tatu, kwa kuwa Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo inayosimamia mazingira, utafanya nini juu ya Mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kuikata reli ya kati?

Jimbo la Kilosa linawakilishwa bungeni na Profesa Palamagamba Kabudi, aliyekuwa mjumbe wa Tume ya Jaji Warioba. Habari za Katiba si ngeni huko. Akija mgombea mwenza yeyote akasoma orodha ya miradi kisha akapanda gari, wenye mkutano wana haki ya kumwambia kwa adabu zote kwamba bado hajajibu.