Mdomo wa Bunduki na Sikio la Baba Mkubwa

Ukitaka kuzungumza na baba mkubwa kule Migori, yakupasa uketi upande wake wa kulia. Sikio la kushoto lilikwisha kitambo. Watoto wa pale bomani humcheka anapojibu swali ambalo hakuulizwa, naye hucheka pamoja nao, kumbe hajui kinachochekesha ni nini.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu jijini Nairobi. Wakati wa likizo tulipanda matatu Migori hadi Rongo, tukashika njia ya Rodi Kopany mpaka Homa Bay, na huko tukakodi gari la kutupeleka Mbuga ya Ruma kuwatazama korongo. Namaanisha swala, si ndege. Hawa hawapatikani porini kwingineko nchini Kenya ila katika mbuga hiyo ya kilomita 120 za mraba, Bonde la Lambwe. Twiga tuliwaona, korongo walituchenga. Lakini kijana alikuwa amekodolea macho bunduki ya askari wa wanyama pori, aina ya G3.

"Mjomba, mbona mdomo wa bunduki ile una matundu kama filimbi?"

Swali zuri hilo. Risasi ikitoka, nyuma yake hufuata gesi yenye moto mkali, na usiku mwako wake humpofusha mpigaji kwa muda na kumwonyesha adui alipo. Matundu yale huitawanya gesi ili mwako upungue. Basi. Hayapunguzi kishindo.

Mwindaji wa zamani hakusumbuliwa sana na mwako. Shida yake ilikuwa bega. Bunduki ya kuangusha nyati au ndovu hupiga teke kama punda, na mtu aliyekwisha kuumizwa nayo hufumba macho kabla ya kufyatua, akakosa shabaha. Ndipo wengine wakafunga breki mdomoni. Hii nayo ina matundu, ila yameelekezwa kando na nyuma kidogo, hivi kwamba gesi inapopita huivuta bunduki mbele. Teke laweza kupungua hata kwa nusu. Lakini hakuna cha bure hapa: kishindo kilichokuwa kikienda mbele, sasa kinarudi kwa mpigaji na kwa yeyote aliye kando yake.

Na kando yake alikuwa nani? Alikuwa mbeba bunduki. Baba mkubwa aliifanya kazi hiyo katika vitalu vya uwindaji hadi Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Alisimama kuliani mwa wageni wake, sikio la kushoto likielekea kwenye bunduki. Mmoja wao alikuwa na bunduki yenye breki. Bwana huyo, asema mzee, alijiziba masikio kwa pamba kila mara. Pamba ya pili haikuwapo.

Bunduki kubwa hufikia desibeli 160 na zaidi, ilhali mlio mmoja tu wa 140 watosha kudhuru sikio. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa, haviwezi kuota tena.

Kifaa cha tatu ni sailensa, na wengi tumedanganywa na sinema kwamba humfanya mtu apige risasi kimya kama anayepuliza mshumaa. La hasha! Hupunguza desibeli kati ya 20 na 35 hivi, na risasi iendayo kasi kuliko sauti bado hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe. Aliyeileta sokoni ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909, na wazo lilo hilo alilitumia katika ekzosi za injini. Babake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bombomu ambayo majeshi ya Mwingereza yalikuja nayo kupigana na Wanandi mwaka 1905. Mzee Maxim mwenyewe alizibwa masikio na milio ya bunduki zake.

Kule Finland na Norway sailensa ni kitu cha kawaida kwa wawindaji. Hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu kifaa cha kupunguza kishindo au mwako kuwa silaha, kama bunduki yenyewe, kwa hiyo asije mtu akadhani ni pambo la kununua njiani.

Mpwa wangu alitaka nichague kimoja. Mimi ningeanza na sailensa kwa mwenye ruhusa, japo ni nzito, hurefusha bunduki na hupata moto, kwa kuwa hupunguza teke na humwonea huruma hata aliyesimama kando. Asiye na ruhusa aache mdomo wa bunduki ulivyo, avae viziba masikio, na mwenzake vilevile. Breki ningeiweka mwisho kabisa.

Tuliporudi Migori kijana alikwenda moja kwa moja akaketi kuliani mwa babu yake, akamsimulia kwa sauti kubwa habari za Mzee Maxim. Baba mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Na huyo," akauliza, "nani alikuwa na pamba yake?"