Songwe Nayo Ina Haki ya Kuimbwa

Ni nadra kumkuta mtunzi wa Unguja au Pemba asiyepata kuusifu mji wake. Tangu zama za Kamange na Sarahani kule Pemba hadi kwa marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, visiwa vyetu vimesifiwa, vimeliliwa na hata kukaripiwa kwa beti zisizo idadi. Hilo ni la kujivunia. Lakini nchi yetu haikomei ufukweni. Leo tunawaomba watunzi, pamoja na wakuu wa Serikali wenye dhamana ya elimu na utamaduni, wauelekeze uso wao kwenye ncha ya pili ya nchi: Tunduma na Mkoa wa Songwe.

Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya. Kwa wengi wetu Tunduma ni jina la mpaka tu. Aliyekwenda huko kwa biashara hurudi na habari za ushuru, bei na misururu ya malori yaendayo Zambia na Kongo. Hatuletei beti hata moja. Nasi twadhani hapakuwa na la kuimba.

Yapo mengi, na kila moja linadai bahari yake. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo inaingia Zambia hapo Tunduma. Wapo waliofia katika kazi hiyo, Wachina na Waafrika. Kisa kirefu namna hiyo kinastahili utenzi, ambao vipande vyake vya mizani minane huchukua masimulizi bila kuchoka, na kina cha mwisho huyafunga kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, hawa Tunduma, wale Nakonde. Ndugu wawili waliotenganishwa na mstari wa ramani wana maneno ya kuambizana, na hapo ngonjera ndiyo mahali pake. Mama mkulima wa kahawa wa Mbozi, anayesomesha watoto kwa mavuno yake, anafaa shairi la tarbia, ili kibwagizo kirudi kama misimu inavyomrudia. Na Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka angani siku ambayo hakuna aliyetuachia habari zake, huenda kikafaa shairi huru, lenye nafasi ya kimya.

Wapo watakaosema kwamba watu wa bara huvunja vina, na kwamba ushairi ni mali ya pwani. Hatukubali. Aliyeikuza na kuieneza ngonjera ni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma. Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake Kichomi ya mwaka 1974 ilizidisha ubishi juu ya mashairi yasiyo na vina, alitoka Ukerewe. Bara imekwisha kuchangia katika hazina hii. Kinachokosekana Songwe ni fursa.

Kwa viongozi tuna neno la wazi. Tumezoea kuona mgeni rasmi akifika mahali, watoto wa shule husimamishwa juani wamghanie beti za kumsifu yeye na wadhifa wake. Beti hizo hutungwa kwa agizo na husahaulika kabla vumbi la magari halijatua. Mtoto hujifunza kwamba ushairi ni adabu ya mapokezi. Hajifunzi kumtazama bibi yake, mto wake na soko lake, akaona jambo linalostahili kutajwa. Wakati huohuo wazee wanaoyajua masimulizi ya Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali wanaondoka mmoja mmoja, na yasiyotungwa leo hayatakuwa na wa kuyasimulia kesho.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, shule za Songwe zishindanishwe kutunga juu ya mtu au mahali pa kwao, kila mwanafunzi kwa bahari mbili zisizofanana, ili aone jinsi umbo linavyobadili sura ya jambo lilelile. BAKITA na BAKIZA washirikiane kupeleka malenga wa visiwani wakafundishe, nao wakajifunze. Mashairi bora yachapishwe magazetini, bara na visiwani. Sharti liwe moja tu: asisifiwe kiongozi yeyote aliyemo madarakani.

Gharama yake ni ndogo mno kuliko ya sherehe tunazoziona kila mwaka. Faida yake ni kwamba mtoto wa Tunduma atajua kuwa mji wake unaingia katika vina, na mtoto wa Wete atakapolisikia jina la Tunduma atakumbuka ubeti badala ya ushuru.