Kombe la Jina Tu, Bila Pesa?

Jameni, kuna kitu huwa kinaniudhi kwa michezo. Mchezaji akiugua, wakubwa wa chama wanakimbia kumpa heshima: bango, dakika moja ya kimya, kombe lenye jina lake. Pesa? Hapo wote wanaangalia viatu.

Chukua Doddie Weir wa Uskoti. Jitu la karibu mita 2, fundi wa kuruka na kudaka mpira wa raga unaporushwa ndani kutoka pembeni. Mechi 61 na timu ya taifa. Mwaka wa 1997 alikuwa Afrika Kusini na Lions, ile timu ya mseto ya Uingereza na Ayalandi, akakanyagwa goti, ziara ikaishia hapo.

Juni 2017 akatangaza ana MND, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Unapoteza mikono, miguu, sauti, mwisho hata pumzi. Na dawa yenyewe? Riluzole, ya tangu miaka ya 1990, na inasaidia kidogo tu. Hiyo ilimkasirisha vibaya sana. Hakukaa nyumbani kungoja pole. Mwaka huo huo alianzisha wakfu wa My Name'5 Doddie (hiyo 5 ni jezi yake), akavaa suti zake za tartani, zile za rangi za kupiga kelele, akaanza kuchangisha pesa za utafiti.

Sasa 2018, vyama vya raga vya Uskoti na Wales vikatangaza Kombe la Doddie Weir. Mechi ni Cardiff, tiketi zinauzwa. Mashabiki wakauliza swali rahisi: wakfu unapata ngapi kwa hizo tiketi? Mwanzoni hakukuwa na mgao wowote. Ni hadi watu walipowaka ndio vyama vikaahidi mchango wa pauni za tarakimu sita.

Kuna wale watasema jina nalo linasaidia, watu wanaujua ugonjwa. Sawa, sikatai. Lakini Doddie hakuwa anaomba kujulikana, alishajulikana kitambo! Alikuwa anaomba pesa za maabara, na muda wake ulikuwa unayoyoma. Kama mashabiki wangenyamaza, nani angetoa hizo pauni?

Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 52. Februari iliyofuata Uskoti ikaichapa Wales 35-7 pale Murrayfield, ikabeba kombe lake. Dawa ya kuponya MND bado haijapatikana.