Sala ya Chakula na Bakuli la Mtoto

Kabla ya kuwalisha watu wapatao 4,000, Bwana Yesu alitwaa mikate saba, akashukuru, ndipo akaimega, na wote wakashiba. Nasi twasali kabla ya kula kwa sababu chakula ni zawadi, hata kama shamba tumelima wenyewe. Lakini wazazi wapenzi, twamshukuruje Mungu kwa chakula ambacho mdogo wetu hakukipata? Sinia likiwa moja, wakubwa humaliza yeye angali akitafuna. Apewe bakuli lake, tena lipakuliwe kabla ya sala. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni na maji ya kumiminwa, siyo wote katika beseni moja (desturi hii hueneza kuhara). Na mama aliyepika, hasa akiwa mjamzito, asingojee ukoko.