Kiswahili Kilibaki Mlangoni

Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vitatu, Lovanium ya Kinshasa (1954), kile cha serikali cha Lubumbashi na kile cha Waprotestanti cha Kisangani (1963), vikawa kimoja: UNAZA. Watu husimulia zaidi siasa yake: wanafunzi wa Lovanium waliandamana Juni 1969 wakapigwa risasi, na serikali ikataka kuwashika wote mkononi.

Mimi nasumbuliwa na jambo lingine. Fakulte ya lugha ilipelekwa Lubumbashi, mji unaosema Kiswahili sokoni, migodini na nyumbani. Nafasi gani tena! Lakini Kiswahili kikawa kitu cha kuchunguzwa, masomo yakabaki ya Kifaransa. UNAZA ilivunjwa 1981. Desturi hiyo haikuvunjwa, nasi wa Bunia tumeirithi. Mwenzangu anaandika juu ya methali za Kiswahili. Siku ya kutetea kazi yake atazieleza kwa Kifaransa, mama yake akiwa ameketi nyuma, yeye aliyemfundisha methali hizo.

Naomba mwaka huu kazi moja tu itetewe kwa Kiswahili. Tukikosa maneno ya isimu, angalau tutajua ni yapi.